Waya wa Spika Ulivyogeuka Bidhaa

Spika ya koili, iliyoelezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric mwaka 1925, haikudai waya wa pekee. Redio nyingi za valvu zilifungwa transfoma kwenye spika yenyewe, kwa hiyo waya ulibeba volti nyingi na mkondo mdogo. Waya wowote wa taa ulitosha.

Hesabu ilibadilika miaka ya 1960. Amplifaya za transista ziliondoa transfoma, wati zikapanda, na mkondo wote ukalazimika kupita kwenye waya hadi spika ya omu 8 au 4. Hapo unene ukawa na maana. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 10 una ukinzani wa karibu omu 0.46, kwenda na kurudi, nao hula zaidi ya asilimia 5 ya volti za spika ya omu 8. Ule wa 2.5 hauli hata asilimia 2. Mwaka 1979 Noel Lee alianzisha Monster Cable huko California, akauza waya mnene kwa bei ambayo fundi umeme angeicheka.

Tatizo gumu zaidi ni indaktansi, yaani tabia ya waya kupinga mabadiliko ya mkondo. Nyuzi mbili zikitenganishwa, indaktansi huongezeka na sauti za juu hufifia. Zikibanwa, indaktansi hushuka lakini kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, hupanda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Polk Audio ilileta Marekani waya wa Cobra kutoka Japani: nyuzi nyembamba, kila moja imepakwa vanishi, zikasukwa pamoja kama mkeka. Indaktansi ilikuwa ndogo mno, kapasitansi kubwa. Kwa sababu ya kapasitansi hiyo, baadhi ya amplifaya zilianza kutetema kwa masafa yasiyosikika, zikapata moto na kuungua. Lawama ziliuangukia waya, ingawa amplifaya hizo zilikuwa na uthabiti haba tangu kiwandani: nyingi nyingine hujikinga kwa koili ndogo kwenye tundu la kutolea sauti.

Kampuni ya amplifaya ya Naim, ya Uingereza, iliiacha koili hiyo kwa makusudi na kuukabidhi waya kazi yake. Waya wake wa NACA5 una nyuzi zilizotenganishwa, na watumiaji huelekezwa wasiukate chini ya mita 3.5.

Mwaka 1991 Fred Davis alichapisha vipimo vya nyaya 12 za spika. Zenye indaktansi ndogo ziliongoza, lakini waya mnene wa kawaida, wa zaidi kidogo ya milimita 3 za mraba, ulitosha kabisa nyumbani.