Kutoka Dawa ya Koo Hadi Laka ya Viti: Historia ya Kusoma Kabla Hatujanunua Kompresa



Jumamosi tunakaa kuamua pesa ya sanduku la atelie itanunua kitu gani. Wengine wanataka kompresa kubwa, wengine wanasema tuchukue ndogo ili ibaki pesa ya mbao. Sababu ya kuitaka tunaijua sote. Mteja akiona kabati la mjini linang'aa kama kioo, halafu aone letu lenye mistari ya brashi, anashusha bei hapo hapo, hata kama mbao yetu ni nzuri kuliko ile. Kabla hatujaanza kubishana, tumeona tuandike historia ya chombo chenyewe, juu ukijua kitu kilitoka wapi unaelewa pia kinataka nini.

Zamani samani nzuri zilingarishwa kwa shelaki. Hiyo ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo sana wanaoishi kwenye matawi ya miti huko India na Thailand. Watu walikwangua matawi, wakausafisha utomvu, wakauyeyusha kwenye spiriti, kisha fundi akapaka kwa kitambaa kilichokunjwa, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Meza moja ilimla siku nyingi. Ilikuwa kazi ya mkono na ya subira, na tajiri ndiye aliyeimudu.

Mwaka 1887, katika mji wa Chicago, Marekani, kulikuwa na bwana mmajina Joseph Binks, msimamizi wa matengenezo katika duka kubwa la Marshall Field. Alikuwa na kuta za chini ya jengo za kupaka chokaa, kuta nyingi mno kwa brashi. Akatengeneza mashine yenye pampu ya mkono na bomba la kurushia chokaa. Mwaka 1893 Chicago ikafanya maonyesho makubwa ya dunia, majengo yake yakapakwa rangi nyeupe kwa kupulizia, na watu wakayaita Mji Mweupe. Nguvu yote ya mashine ya Binks ilikuwa mikono ya mtu anayepampu. Akichoka yeye, kazi inasimama. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Wakati huo huo, katika mji wa Toledo, jimbo la Ohio, daktari Allen DeVilbiss alikuwa na shida nyingine kabisa. Alitaka kufikisha dawa ndani ya koo la mgonjwa bila kulisugua kwa pamba. Akatengeneza kipulizio: unabonyeza mpira, hewa inapita kwa kasi juu ya kijibomba, inavuta dawa na kuivunja iwe ukungu. Mwaka 1888 akaanzisha kampuni ya kuviuza. Mwanawe Thomas akachukua wazo hilo hilo la baba, na mwaka 1907 akalifanya bunduki ya kupulizia rangi na vanishi, ikitumia hewa iliyoshindiliwa na mashine. Kumbe chombo kilichobuniwa kutibu koo ndicho babu wa spregani tunazoziona mjini.

Neno bunduki kwetu si neno dogo, tuliikimbia. Lakini sehemu inayofuata ya historia nayo inatoka vitani. Pamba ikichovywa kwenye tindikali kali inageuka nitroselulosi, kitu kinacholipuka, ambacho majeshi walitengenezea baruti. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha mwaka 1918, viwanda vya baruti vikabaki na uwezo mkubwa bila mnunuzi. Kampuni ya DuPont, iliyokuwa ikitengeneza baruti, ikaleta laka ya nitroselulosi iitwayo Duco, na mwaka 1923 ikaanza kutumika kwenye magari ya Oakland ya General Motors. Kabla ya hapo, kupaka gari na kusubiri likauke kulichukua wiki kadhaa. Kwa laka hiyo kazi ilihesabiwa kwa saa. Watengenezaji wa samani nao hawakukawia kuifuata.

Hapo ndipo brashi iliposhindwa. Laka inakauka haraka sana kwa sababu tina inapaa hewani, na tina ya tabaka la pili inalainisha tabaka la kwanza. Ukipitisha brashi unalivuta lile la chini, mistari inabaki. Bunduki haigusi mbao. Kwa hiyo laka na bunduki vilioana: kimoja bila kingine hakiendi mbali.

Ndoa hiyo ilikuwa na gharama yake. Katika miaka ya 1920 madaktari wa Marekani walianza kuwachunguza wapulizaji wa rangi, kwa sababu ya benzini iliyokuwa kwenye tina na madini ya risasi yaliyokuwa kwenye rangi. Tena bunduki za presha kubwa zilipoteza rangi nyingi hewani. Katika miaka ya 1980 jimbo la California likakaza sheria za hewa chafu, na hapo bunduki za aina ya HVLP zikapata nguvu. Hizo zinatumia hewa nyingi kwa presha ndogo, isiyozidi bar 0.7 pale laka inapotokea. Laka nyingi zaidi inafika kwenye mbao na kidogo inaruka hovyo. Jambo zuri, lakini sikieni vizuri: hewa NYINGI.

Sasa turudi kwa mpampu wa Chicago. Muuzaji atakuonyesha ukubwa wa tangi na presha. Vyote viwili si uongo, ila swali la kwanza ni hili: mashine inatoa lita ngapi za hewa kwa dakika, na bunduki inakunywa ngapi?

Tuchukue mfano. Tangi la lita 50 limejaa hadi bar 8, na bunduki inahitaji lisishuke chini ya bar 3. Hewa ya kutumia ni 50 mara 5, yaani lita 250. Bunduki ya HVLP inayokunywa lita 250 kwa dakika, na mota inayorudisha lita 140, kila dakika unapungukiwa lita 110. Baada ya dakika mbili na kitu presha imeanguka, laka inatoka matone matone, na mlango wa kabati uko nusu. Tangi ni akiba tu. Mota ndiyo mshahara.

Kwa hiyo njia ni mbili. Ya kwanza ni kompresa kubwa ya mkanda. Lakini mota inapowaka inavuta umeme mara kadhaa kuliko inapokwenda, na jenereta yetu ndogo itazimika. Ya pili ni kompresa ya nguvu ya farasi 2 pamoja na bunduki inayokunywa hewa kidogo, lita 100 hadi 150 kwa dakika, yenye nozeli ya milimita 1.3 au 1.4, inayofaa laka nyepesi. Kazi itakwenda polepole kidogo, lakini kwa viti, stuli na vitanda inatosha. Hii nayo ijaribiwe kwanza na jenereta tutakayoitumia kweli, kabla pesa haijatoka. Kile kimashine cha kujazia matairi msikifikirie: presha kinayo, hewa hakina.

Pesa ikibaki, isiende yote kwenye mbao. Inunue chujio la maji, maana hewa ikishindiliwa inaacha maji ndani ya tangi, na maji yakiingia kwenye laka unapata ukungu mweupe. Tangi lifunguliwe chini kila jioni litoe maji. Inunue pia barakoa yenye vichujio vya mkaa. Ile ya kitambaa inazuia vumbi, haizuii mvuke wa tina.

Halafu mahali pa kupulizia. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji mpaka ukute jiko la jirani, na laka hii ni ndugu wa baruti. Nyumba zetu zimebanana na paa nyingi ni za turubai. Tupulizie nje, upande ambao upepo unaondoka kwenye nyumba, mbali na jiko, na watoto wasikaribie.

Pendekezo letu basi ni njia ya pili, pamoja na chujio na barakoa mbili, moja ya anayepuliza na moja ya anayemsaidia. Chombo hiki daktari alikitengeneza kwa ajili ya koo la mtu. Tusikubali kitumalize makoo yetu wenyewe kwa ajili ya kabati linalong'aa.

Mwenye wazo tofauti aje nalo Jumamosi, na aje na hesabu ya lita.