Daftari la Helsingius na Waliomfuata

Katika mwaka 1993, huko Ufini, bwana mmoja aitwaye Johan Helsingius alianzisha katika intaneti huduma iliyopokea barua za watu, ikafuta anwani ya mwandishi, ikaweka lakabu mahali pake, kisha ikazipeleka zilikokusudiwa. Na kwa kuwa jawabu lilipasa kumrudia mwandishi yule yule, ilimbidi Helsingius aweke daftari la kila lakabu na mwenyewe. Uaminifu wake siutilii shaka. Lakini daftari lilikuwapo, na kilichopo hudaiwa. Februari 1995, kwa mashitaka ya Kanisa la Scientology, polisi walimjia, akalazimika kutaja anwani ya mteja mmoja. Na Agosti 1996, mahakama ilipomwamuru tena, aliona heri kuifunga huduma yote kuliko kuahidi faragha ambayo sharia haikuihifadhi.

Makubwa zaidi yalimfika Ladar Levison wa Texas, mwenye huduma ya barua pepe ya Lavabit. Mwaka 2013 serikali ya Marekani, ikimwandama mteja wake mmoja, Edward Snowden, aliyefichua upelelezi wa dola, ilidai ufunguo wa siri uliowahifadhi wateja wote, nao walikuwa zaidi ya laki nne. Levison aliuchapa ufunguo katika kurasa 11, kwa herufi ndogo zisizosomeka. Hakimu akamwekea faini ya dola 5,000 kwa siku mpaka autoe sawasawa. Akautoa, na tarehe 8 Agosti akaifunga Lavabit. Naustahi ushujaa wake, lakini aliyetia kufuli moja kwa vyumba vyote amekwisha kuwaweka wapangaji wote hatarini kabla hakimu hajanena.

Proton ya Geneva, yenye huduma ya barua pepe pia, iliwahi kujifunza hayo, ikazifunga barua kwa namna ambayo hata yenyewe haiwezi kuzifungua. Hata hivyo, mwaka 2021, kwa amri ya Uswisi iliyotokana na ombi la Ufaransa, ilinakili na kutoa anwani ya IP ya mwanaharakati mmoja, maana waraka ulisitirika ilhali mlango alioingilia mwenyewe ulionekana.

Kwangu mimi, aliye bora si mwenye kiapo kizito, bali asiye na cha kutoa. Mwaka 2016 mahakama ya Virginia ilitaka kwa watunzi wa Signal, programu ya kutumiana ujumbe, habari za namba mbili za simu. Namba moja haikuwa ya mteja wao. Kwa ya pili walitoa vyote walivyokuwa navyo: wakati akaunti ilipofunguliwa, na wakati ilipounganishwa na seva mara ya mwisho.