Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji kwa Ramani ya Maji

Wapagazi wa karne ya 19 waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji walipanga safari yao kwa visima na vivuko. Kambi ilipigwa penye maji, na msafara uliokosea kisima ulizika watu. Sehemu kubwa ya njia yao iko jirani na Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Nimeifuata njia hiyo nikiwa na ramani ya mito mkononi, nayo imenionyesha nchi ambayo ramani ya mikoa huificha.

Mwanzo ni wa neema. Ruvu unashuka kutoka milima ya Uluguru, Wami uko kaskazini yake, na yote miwili inamwaga maji Bahari ya Hindi. Kuanzia Kilosa, njia inapanda bonde la Mkondoa, mlango wa kuingilia nyanda za juu. Wajenzi wa reli nao waliuchagua mlango huohuo, na mto umewadai kodi tangu hapo: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliing'oa njia ya reli, wala hayakuwa ya kwanza.

Baada ya Mpwapwa kulikuwa na Marenga Mkali, nyika kavu ambayo misafara iliivuka mbiombio, hata usiku. Ng'ambo yake ni Ugogo. Huko mvua ni ya msimu mmoja, mito hukauka, na maji yalipatikana katika visima na malambo yaliyochimbwa na wenyeji. Wasafiri wa Ulaya walilalamika sana katika vitabu vyao juu ya hongo, ule ushuru waliotozwa na watemi wa Kigogo. Mimi naona watemi walikuwa na haki. Watu na punda kwa mamia walikuwa wakinywa akiba ya kijiji ya kiangazi kizima. Aliyechimba kisima alistahili kulipwa.

Magharibi ya Dodoma, mto Bubu unaingia katika kinamasi cha Bahi na kuishia humo. Maji yake hayafiki bahari yoyote. Jua huyakausha, na wakulima wa Bahi huyawahi kwa mashamba ya mpunga.

Tabora ni habari nyingine. Iko juu ya uwanda wa miombo, na hakuna mto mkubwa unaoizingira. Ndiyo maana njia za Ujiji, Karagwe na pwani ziliweza kukutana hapo na kuufanya Unyanyembe, eneo la Tabora, kuwa soko kuu la bara. Kutoka hapo Igombe na Ugalla huelekea Malagarasi, na maji yanakuwa yamegeuza uso kutazama magharibi.

Kwenye Malagarasi wasafiri walilipa tena, safari hii kwa mitumbwi ya kuvukia. Ugogo watawala walitoza kwa sababu maji ni haba. Uvinza walitoza kwa sababu maji ni mengi. Uvinza ilikuwa pia na chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia wamethibitisha kwamba chumvi imechemshwa hapo kwa zaidi ya miaka 1,000, nayo ilibebwa mbali kabla msafara wowote wa pwani haujafika.

Baada ya kukutana Ujiji, mwisho wa njia, mwaka 1871, wasafiri Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi hadi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, wakakuta mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Mwaka 1874 msafiri mwingine, Cameron, aliuona mto Lukuga, ng'ambo ya magharibi, ukiyatoa maji ya ziwa kuelekea Kongo. Hivyo mvua ya Tabora, inayofika ziwani kwa Malagarasi, safari yake ni Atlantiki.

Leo Tanzania inasimamia maji yake kwa mabonde tisa, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeyapa bodi zinazovuka mipaka ya mikoa. Hekima hiyo wapagazi waliijua kwa miguu. Anayefyeka msitu Uluguru, unakotoka Ruvu, anamnyima maji mtu wa Dar es Salaam, hata kama kila mmoja ana mkuu wake wa mkoa. Mwanafunzi wa Dodoma anayekariri wilaya za mkoa wake anastahili kujua pia kwamba mvua ya mkoa huohuo hugawanyika: nyingine huenda Wami, nyingine Ruaha Mkuu, nyingine hubaki Bahi. Akilijua hilo, ataelewa majirani zake halisi ni akina nani.