Askari mrefu kuliko mlango

Wiki tatu bila kuweka kitu hapa, najua. Chumba cha habari kimenibana. Ila kuna jambo jingine lililonikalisha mezani hadi saa saba usiku, na ni la aibu kidogo kwa mtu mwenye digrii.

Dada yangu anafundisha historia sekondari huko Tanga. Aliniomba nimtengenezee meza ya vita vya Novemba 1914, wanafunzi wake waone kwa macho jinsi kikosi cha Uingereza cha watu kama 8,000, kilicholetwa kutoka India, kilivyoshindwa na jeshi la Wajerumani la watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Watu wakizungumzia vita hivyo hukimbilia nyuki. Nyuki walikuwepo, sibishi. Lakini kwangu mimi aliyeamua ni treni. Lettow-Vorbeck aliteremsha askari wake kwa reli ya Usambara, iliyokuwa imefika Moshi mwaka 1911. Kwa hiyo meza isiyo na reli ni kudanganya watoto.

Basi nikaagiza vijisanamu vya askari vya michezo ya vita ya mezani, milimita 28. Binamu yangu aliyeko Ujerumani akanitumia stesheni ya treni za kuchezea, boksi limeandikwa H0. Nikavipanga pamoja. Jamani! Mlango wa stesheni una milimita 23. Askari wangu hapiti hata akiinama. Ukimpigia hesabu kwa kipimo cha stesheni, ana urefu wa mita 2.4. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiona jitu kama hilo ameshaanza kucheka, na somo limekwisha.

Nikaanza kuchimba, mazoea ya kazi.

Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ilionyesha huko Leipzig treni za kuchezea ambazo upana wa reli zake ulipewa namba. Ndogo iliyofuata ikaitwa sifuri, milimita 32. Bado ilikuwa kubwa kwa meza ya chakula, ndipo ikaja nusu ya sifuri, hiyo H0: reli ya milimita 16.5, na kila kitu kimepunguzwa mara 87. Waingereza walipojaribu wakakwama. Treni zao halisi ni nyembamba kuliko za Ulaya bara, maana madaraja na mahandaki yao ya zamani yanabana, na mota za miaka ya 1930 hazikuenea ndani ya kichwa kidogo namna hiyo. Unajua walifanya nini? Wakakuza treni hadi moja kwa 76, reli wakaiacha vilevile! Ndiyo OO, ile ya Hornby Dublo ya mwaka 1938. Reli yake ikikuzwa inatoa njia ya milimita kama 1,255, wakati ya kweli ni 1,435. Mpaka leo wanaitumia.

Airfix nao wakatoa nyumba za plastiki za kuweka kando ya treni hizo, na mwaka 1959 wakaanza kutoa askari. Kwenye boksi waliandika HO na OO pamoja, kana kwamba ni kitu kimoja. Mtu wa mita 1.70 ni milimita 19.5 kwenye H0 na 22.4 kwenye OO, pima mwenyewe kwa rula. Lakini askari hao walikuwa rahisi, na watu wazima kama Donald Featherstone, aliyetoa kitabu chake War Games mwaka 1962, wakawatumia. Kijiji cha treni kikageuka uwanja wa vita. Baadaye vijisanamu vya chuma vikaanza kukua, 25, kisha 28. Wengine wanapima hadi utosini, wengine hadi machoni. Hapo ndoa na treni ikavunjika.

Sasa sikia hii. Reli ya Usambara ilikuwa ya mita moja. Chukua ile milimita 16.5 ya H0, zidisha kwa 60: milimita 990. Askari wangu wa 28 mara 60: mita 1.68, mtu wa kawaida kabisa! Reli iliyokosewa kwa Waingereza inanifaa mimi. (Ya TAZARA, milimita 1,067, inakaribia sana ukitumia 64.)

Umbali sikuugusa. Kilomita moja kwa kipimo hicho ni karibu mita 17, darasa zima halitoshi. Nimelinganisha vile tu vinavyosimama karibu na mtu: mlango, behewa, kina cha mkato wa reli ambako Waingereza walikwama.

Stesheni ya binamu nimeiweka kando. Ninakata mpya kwa kadibodi, mlango milimita 33. Mabehewa pia nitayakata mwenyewe, ila magurudumu nimeyapata mtumba. Nikimaliza nitaweka picha.