Utajaji wa programu za taswira za kisayansi

Utajaji wa programu za taswira za kisayansi ni desturi ya uandishi wa kitaaluma ya kubainisha programu ya kompyuta iliyotumika kutengeneza mchoro uliochapishwa. Taarifa hiyo huwekwa katika maelezo ya mchoro, sehemu ya mbinu au shukrani, nayo hutaja jina la programu, toleo lake, waundaji wake na makala inayoieleza.

Waundaji wengi huelekeza makala ya kunukuliwa. VMD, programu ya Chuo Kikuu cha Illinois ya kuonyesha molekuli, hunukuliwa kwa makala ya William Humphrey, Andrew Dalke na Klaus Schulten ya mwaka 1996. UCSF Chimera, programu nyingine ya kuonyesha molekuli, ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, hunukuliwa kwa makala ya 2004. Nayo Matplotlib, ya kuchora grafu, hunukuliwa kwa makala ya John D. Hunter ya 2007.

Mwaka 2016 kikundi kazi cha FORCE11, jumuiya inayoshughulikia mawasiliano ya kitaaluma, kilichapisha kanuni za kunukuu programu, zinazoitambua programu kuwa zao halali la utafiti. Utajaji huwawezesha watafiti wengine kurudia kazi, huwapa waundaji sifa, na huwaonyesha wafadhili kiwango cha matumizi. Hauchukui nafasi ya kunukuu chanzo cha data.