Brauni za Makaa na Karameli ya Nazi: Bila Oveni, Bila Presha

Ukiwa Matondoni na hamu ya brauni imekushika, usianze kulia juu ya oveni. Hiki kijiji cha Lamu kinajulikana kwa mafundi wa jahazi na akina mama wasuka mikeka, na mathe wa Pwani wameoka mkate wa sinia kwa makaa juu, makaa chini tangu kitambo. Hiyo ndiyo oveni yako. Brauni inaingia hapo fiti, bora ujue inaachana wapi na mkate.

Brauni ni keki iliyokataa kuumuka. Haina hamira wala bekingi pauda, ndio maana inakuwa nzito na inanata kidogo kwa meno. Stori inayopigwa sana ni kuwa ilianza Chicago mwaka 1893, pale hoteli ya Palmer House, Bertha Palmer alipotaka kitu kitamu cha kuweka kwa viboksi vya chakula wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Sisi hapa kakao hatuhitaji kuitafuta mbali: inalimwa Bundibugyo kule Uganda na Kyela huko Tanzania.

Tumia unga wa kakao, si chokoleti ya kipande. Joto la Lamu litaiyeyusha hiyo chokoleti kwa boti kabla hujafika. Na soma pakiti vizuri: ile chokoleti ya kunywa sehemu kubwa ni sukari, ukiitia hapa utapata kitu kitamu cha rangi ya matope. Nilijifunza hiyo kwa hasara.

Vitu vya trei ya sentimita 20, vipande 16: siagi gramu 140, sukari gramu 250, kakao gramu 75, mayai 2, unga wa ngano nusu kikombe, chumvi robo kijiko cha chai. Yeyusha siagi, changanya na sukari, kakao na chumvi. Acha ipoe hadi kidole kivumilie, la sivyo mayai yataiva humo humo. Tia yai moja moja ukikoroga kwa nguvu, halafu unga mwishoni. Hapo koroga mpaka unga upotee tu, basi. Ukiendelea itakuwa ngumu kama chapati ya jana.

Sasa makaa, na hapa ndipo doo yako inaweza kuungua. Chukua sufuria kubwa, tandika mchanga mkavu chini, weka trei juu yake, funika na mfuniko bapa. Gawanya makaa mafungu matatu: moja chini, mawili juu ya mfuniko. Watu wengi wanafanya kinyume, kisha wanashangaa brauni ni mkaa chini na uji juu. Vifuu vya nazi vinawaka vikali sana, so ngoja moshi na ndimi za moto ziishe, zibaki kaa jekundu tu. Chungulia dakika ya 20. Chomeka kijiti katikati: kikitoka kikavu umechelewa, kikitoka na uji bado, kikitoka na vipunje vyenye unyevu, toa haraka. Acha ipoe saa nzima kabla kisu hakijagusa. Najua ni ngumu, lakini kata moto uone vile inamomonyoka.

Karameli nayo. Huku cream ya dukani ni mambo ya kutafuta, lakini mbuzi na kifumbu viko kila nyumba. Kuna nazi, chuja tui zito kikombe kimoja. Weka kwa sufuria pamoja na sukari guru iliyopondwa gramu 150, chumvi kidogo na iliki kama unapenda. Moto mdogo, dakika 15 hadi 20, mwiko usisimame. Anayejua kupika halua ya Lamu tayari ana mkono wa hii kazi, maana ni subira ile ile.

Shida ya sukari guru ni kwamba inaanza ikiwa nyeusi, so rangi haitakuonya ikianza kuungua. Tegemea pua, na udondoshe tone kwa sahani baridi: likikaa bila kukimbia, epua. Tui likikatika na mafuta kuelea, moto ulikuwa mkali. Ondoa jikoni, tia kijiko cha maji moto, piga mpaka ishikane. Na usionje kwa kidole, manze. Sukari iliyochemka inaganda kwa ngozi na kuendelea kuchoma.

Kama unataka kuuzia watu wa mtaa siku ya Idd, piga hesabu kabla. Sema vitu vyote pamoja na makaa vimekula 640: kila kipande kimeshakugharimu 40 kabla hujajilipa jasho lako. Ukiuza 50 ndio uonekane msee wa bei poa, hiyo ni faida ya 160 kwa trei nzima.

Usimwage karameli juu ya brauni zote. Beba kando, mwagia mteja akishalipa. Brauni kavu zinakaa siku tatu kwa mkebe uliofungwa, lakini tui kwa joto la Lamu linachacha mapema, hivyo karameli pika ya siku hiyo tu.