Ushirika

Mjini Moshi neno hili halikwepeki. Kuna Chuo Kikuu cha Ushirika. Kuna KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoundwa mwaka 1933. Na Mlutheri akikutajia kanisa lake atasema “usharika wetu”, irabu moja tu imebadilika. Mzizi ni wa Kiarabu, uleule uliotupa shiriki, mshirika na hata shirki, dhambi ambayo Mwislamu huiogopa kuliko zote.

Watafsiri wa Biblia ya Union Version walitumia neno ushirika kwa koinonia ya Kigiriki, Yohana anapoeleza tulivyounganishwa na Baba na Mwana. Walichagua vyema. Urafiki waweza kudumu miaka watu hawajaonana, ushirika hauwezi. Mkulima asiyepeleka kahawa yake wala kufika mkutanoni hubaki jina tu daftarini.

Ushirika na Mungu nao huishi kwa kukutana naye katika sala, ndiyo maana huniuma kusikia Mkristo akisema, “Nikipata muda nitasali.” Muda wa sala hutengwa. Marko anaandika kwamba Yesu mwenyewe aliamka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipo na watu kuomba, na jana yake jioni mji mzima ulikuwa umejaa mlangoni ukimletea wagonjwa. Kwa anayewahi daladala ya saa kumi na moja, pengine ni zaburi moja kando ya kitanda, simu ikiwa bado imezimwa, kisha kunyamaza kidogo mbele za Mungu. Huo nao ni ushirika kamili.